Mteremko Uliofagiliwa

Bajaji iliyowatoa hospitali ya Kibondo ilikuwa bado inanguruma pale njiani, na Nadine yuko ndani, mtoto kifuani na mshono tumboni, alipomwona mama mkwe wake ameduwaa. Immakulata hakuwa mtu wa kuduwaa. Ni mwanamke ambaye hata akiungua na chungu, kwanza atakiweka chini taratibu ndipo apulize vidole. Lakini mchana ule alisimama na beseni la nguo kichwani, anatazama nyuma ya nyumba, wala haoni kwamba dereva anasubiri nauli.

Nyuma ya nyumba palikuwa pasafi.

Na hapo ndipo penye shida. Mteremko wote, kuanzia ukuta wa chumba cha nyuma mpaka kule juu kwenye mti wa mwisho wa msuku, ulikuwa umepitishwa jembe, kisha ukafagiliwa kwa fagio la vijiti mpaka udongo mwekundu ukabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Hapakuwa na jani hata moja chini ya miti. Pembeni palikuwa na duara jeusi la majivu, bado linatoa uzi wa moshi.

"Karibuni nyumbani! Mzazi karibu, mtoto karibu!" Esteri alitokea jikoni akipiga vigelegele, amejifunga kitenge kifuani, mikono ina vumbi hadi kwenye viwiko. Huyu, ambaye wenzake humwita pia Mama Pasikali, ni jirani wa ng'ambo ya njia na ndiye mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, kila mmoja na fagio au jembe. "Mama Reverien, unaonaje? Tumepiga kazi toka alfajiri. Nikasema, mjukuu wa mwenzetu hawezi kuingia kwenye pori!"

Immakulata alishusha beseni. Akafuta jasho kwa ncha ya kanga. Akawashika mikono wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yake miwili, kama inavyotakiwa.

"Asanteni sana," akasema. "Mmefanya kazi kubwa."

Hakuna aliyesikia kitu kingine katika sauti ile isipokuwa Nadine, ambaye alikuwa amelala naye wodini juma zima na kumjua hata pumzi zake.

Huku kwetu mwanamke akijifungua, wenzake hutangulia nyumbani kwake. Watakata kuni, watajaza madumu, watapalilia maharage, na zaidi ya yote watafagia. Uwanja ukiwa na majani, wapita njia watauliza kama nyumba ile ina watu. Mtoto anapokelewa kwenye udongo mtupu uliofagiliwa, na fagio la kwanza hushikwa na mwenye heshima zaidi. Kwa hiyo Esteri na wenzake walifanya lile ambalo mtu mwema hufanya. Walichokuwa hawakijui ni kwamba chini ya yale majani makavu kulikuwa kumelala bustani.

Na ni kweli ilikuwa imelala. Ua lenyewe wengi hawana jina lake. Wengine huliita tangawizi-pori, kwa sababu ukivunja mzizi wake unanukia vizuri puani. Ni mmea wa kivulini. Ukiupanda juani unanyauka, ukiupanda chini ya mti unakaa kama uko kwao. Mvua za kwanza zikianguka, kabla hata nyasi hazijaamka, ua linachomoza kutoka ardhini lenyewe, jepesi, la zambarau iliyofifia, na doa la manjano kooni. Baadaye yanafuata majani mapana, yanasongamana mpaka udongo hauonekani. Kiangazi kikija, yote yanakauka na kupotea. Asiyejua atasema yamekufa. Mzizi uko chini, umejifunika majani ya miti, unangoja.

Immakulata aliyajua maua hayo tangu ujana. Mama yake alivuka naye mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia upande wa Kasanda, akaolewa huku na Fidele, mtu wa mizinga. Fidele alikuwa akienda msituni kurina asali naye anamfuata kubeba ndoo, na wakati mume yuko juu ya mti akipuliza moshi, mke alikuwa chini, amechuchumaa, anayatazama. Basi. Kila mtu ana kitu chake cha kutazama.

Miaka ilivyopita msitu ukasogea mbali. Watu waliongezeka, kila nyumba ilihitaji kuni, mkaa ukapata wateja mpaka Kasulu. Siku moja akakuta miti ya kichaka chake imeangushwa, na maua yameungua juani kama vitambaa vilivyosahaulika kwenye kamba. Alichimba mizizi aliyoweza, akaifunga kwenye kitenge, akaja kuipanda nyuma ya nyumba, chini ya miyombo na misuku ambayo Fidele alikataa kuikata kwa sababu ya nyuki wake.

Walimcheka, na si kidogo. "Mama Reverien anapanda magugu! Kesho atapalilia mahindi ayatupe!" Yeye alicheka nao. Hakuwaeleza. Hata Fidele, Mungu amrehemu, aliuliza mara moja tu, "Hiyo inaliwa?" Alipoambiwa hailiwi, akaenda zake kwenye mizinga.

Lakini mteremko ule ulikuwa na tabia mbaya. Kila masika udongo ulishuka na maji, ukalala ukutani, mpaka mwaka mmoja ukuta wa nyuma ukaanguka watu wakiwa kanisani. Immakulata aliukanda upya kwa mikono yake. Mwaka uliofuata maua yalikuwa yamefika katikati ya mteremko, na maji yakashuka meupe. Mwaka mwingine yakafika chini, na tope halikuonekana tena. Toka hapo akawa anayahamisha kidogo kidogo, anaziba kila penye upara, hafagii kule nyuma. Uwanja wa mbele anaufagia mpaka unang'aa. Nyuma hapana. Nadine alipoolewa pale aliambiwa sheria moja tu ya nyumba: "Fagio lako likomee kwenye kona ya jiko."

Sasa chumba cha nyuma ndicho chumba cha Nadine, na kitanda kiko kwenye ukuta ule ule.

Wanawake walipoondoka, Immakulata alipanda mteremkoni bila hata kubadili nguo. Nadine akamfuata kwa macho kutoka mlangoni. Alimwona akipiga magoti, akichimba kwa vidole, anahama, anachimba tena. Aliporudi, kiganjani alikuwa na vipande vichache vya mzizi vilivyokatwa na jembe.

"Wamelima mpaka chini," akasema. "Wana nguvu, hawa wanawake."

"Mingine iko wapi, mabukwe?" Ndivyo Nadine alivyomwita, kwa lugha ya nyumbani, kila siku.

"Sijui. Labda ni majivu."

Nadine alimpigia simu rafiki yake Niyubahwe, ambaye naye alikuwepo kwenye kazi. Niyubahwe alicheka. "Ile mizizi? Mama Esteri aliibeba kwa toroli akaimwaga kwenye migomba yake, ati itakuwa mbolea. Mimi nilichukua kidogo, nikajua ni tangawizi. Dada, nimepikia chai, mume wangu kaniuliza kama nataka kumuua!"

"Iko kwenye migomba," Nadine alimwambia mama mkwe wake. "Haikuchomwa. Twende tukaombe."

Immakulata alikaa kwenye kigoda akavua kandambili. Upande wa Burundi mawingu yalikuwa yameanza kujipanga kila alasiri, yanaangalia tu, hayajaamua.

"Tukaombe vipi? Tukafike kwake tuseme, Mama Pasikali, ile zawadi yako imetuharibia?"

"Si ndiyo kweli?"

"Ni kweli. Mtu akikupikia kwa mapenzi chakula kikazidi chumvi, utamrudishia sahani usoni?"

"Mabukwe, chumvi haiangushi ukuta."

Mama mkwe alinyoosha mikono. Alimchukua mtoto akamlaza magotini, akamnyoosha miguu, mmoja, halafu mwingine.

"Huo ukuta naujua," akasema mwishowe. "Niliukanda mimi."

Reverien, mumewe Nadine, alikuwa Kasulu kwenye kazi ya kuezeka. Kwenye simu alisema yale ambayo mwanamume aliye mbali husema: hamieni chumba cha mbele, mengine nikija. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi na mizinga ya marehemu. Na hata wangehama, nyumba ni moja. Ukuta ukienda, paa linafuata.

Jioni na asubuhi Nadine alimtazama Immakulata akifanya peke yake lile aliloweza. Alirudisha vile vipande ardhini. Alipanga mawe. Alikwenda njiani kuokota majani yaliyoanguka kwenye miti ya watu akayafunika, na upepo ukayachukua. Mtu wa umri wake, mgongo umeanza kumsaliti, anapambana na mteremko kwa kikapu kimoja. Wala hakumlaumu mtu, hata kwa kunung'unika. Nadine aliona huo si woga. Ni kama alikuwa anatafuta neno, na hataki kulitumia kabla halijaiva.

Siku ya kumpongeza mzazi ikafika. Jumuiya walikuja wakiimba, na vikapu vya maharage, mikungu ya ndizi, soda, uji kwenye chupa za chai, sabuni, nepi. Walikaa uwanjani kwenye mikeka. Mtoto alizungushwa kutoka paja hadi paja mpaka akachoka akalala kwa Niyubahwe. Chakula kikaliwa. Esteri akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba.

"Semeni kweli. Toka Mama Reverien ahamie hapa, kuna aliyewahi kuona shina la mti ule? Leo tunaona mpaka mizizi!"

Wakacheka. Immakulata akasimama. Kwa desturi mwenye nyumba husimama kushukuru, kwa hiyo wote wakatulia.

"Jirani zangu," alisema, "mkwe wangu alipokuwa anapasuliwa, nilikuwa nje ya mlango, nikajua siko peke yangu. Nilijua huku nyumbani kuna watu. Mlikata kuni, mlilima, mlifagia. Mungu awalipe. Hilo sitalifuta." Akageukia nyuma ya nyumba. "Lakini nyie ni wenzangu, na mwenzako ukimficha jambo unamfanya mgeni. Kule nyuma palikuwa na maua yangu. Yalikuwa yamelala. Ndiyo yanayoshika udongo, ndiyo yanayoshika ule ukuta. Sasa hayapo, na mvua hizo hapo. Kosa ni langu. Miaka yote mlinicheka nikacheka nanyi, sikuwahi kuwaambia yanafanya kazi gani."

Kuku alipita katikati ya mikeka, hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo tumekubomolea," alisema Esteri. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sijasema hivyo, Mama Pasikali."

"Umesema. Umezungusha maneno lakini umesema. Mimi nimeshika fagio toka alfajiri, na malaria yangu, kumbe nakubomolea!"

"Nawe ulifagia hasa," alidakia Niyubahwe. "Mimi nilikwambia hii inanukia, ukaniambia niache uvivu."

"Wewe nyamaza, mpika chai ya sumu!"

Wachache wakacheka, wakakatiza. Esteri hakucheka. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, akianza kukusanya vyombo vyake.

"Hayo ni maji," Immakulata akajibu, taratibu kabisa. "Haya ni majani, yanazoleka. Nyie wote mnafagia nyumba zenu kila asubuhi. Hakuna wanawake wanaofagia kama nyie, hata Kasulu mjini. Yale mnayofagia mnayachoma. Naomba msiyachome. Nileteeni. Nileteeni takataka zenu."

Walitazamana. Kumwendea jirani na mzigo wa takataka ni tusi. Watu wamefikishana kwa mtendaji kwa jambo hilo. Na huyu mwanamke anaomba, amesimama wima, mikono mbele, kama anayeomba moto.

"Takataka?" mmoja akauliza.

"Majani tu. Mifuko ya Azam bakini nayo."

Hapo kicheko kikatoka chote. Lakini Esteri aliondoka bila kuaga vizuri, kapu kwapani.

Kesho yake asubuhi Nadine alisikia sauti za watu njiani akachungulia. Walikuwa wanakuja mmoja mmoja na wawili wawili, majani kichwani: kwenye vikapu, kwenye magunia, kwenye shuka lililofungwa ncha nne. Niyubahwe alibeba beseni limefurika, linamwaga nyuma yake mpaka njia nzima ikawa ya kufagiliwa tena. Gharibu, mwenye duka pale njia panda, alitoka mlangoni akawapigia kelele, "Jamani, hii jumuiya mpya ni ya mtakatifu gani? Wa jalala?"

"Na wewe lete zako, Gharibu! Duka lako lote ni takataka!"

Akaleta kweli, gunia moja la maganda ya karanga. Immakulata aliyapokea kwa mikono miwili.

Kilichokosekana ni mizizi, na mwenye mizizi hakuja. Hakuna aliyemtaja. Walimwaga majani juu ya mteremko, wakakaa kusubiri kitu ambacho hakuna aliyekubali kwamba anakisubiri. Mpaka jua lilipopanda ndipo tairi la toroli likasikika likilia kwa kukosa mafuta. Esteri alikuwa analisukuma, amejaa udongo wa migombani mpaka kwenye nyusi, na toroli limejaa mizizi.

"Sikuombi msamaha," alisema kabla hajafika.

"Wala sijakudai," akasema Immakulata.

"Nimechambua toka asubuhi. Mingine imeoza, nakwambia mapema usije ukasema nimekuletea mbovu."

"Mama Pasikali, kaa upumzike kwanza."

"Sikai. Inapandwaje?"

Basi Immakulata akawaonyesha. Si kwa maneno mengi. Alilaza mzizi ubavu, siyo wima, akaufunika udongo wa kina cha kidole tu, kisha majani, kisha akagandamiza kwa kiganja kama mtu anayefunika mtoto. Penye kivuli kingi weka mingi. Karibu na shina usilime, mti nao una mizizi yake, penyeza. Anzieni juu, mteremke, ili msikanyage mlichopanda. Nadine hakuweza kuinama kwa sababu ya mshono, kwa hiyo alipewa mkeka na kazi ya kuchagua: ulio mgumu na unaonukia ni mzima, uliolegea tupa. Mtoto alilala pembeni yake. Kila aliponyanyua macho aliona migongo ya wanawake imetapakaa chini ya miti, na sauti ya mama mkwe wake ikizunguka kati yao bila kupanda, "Vizuri. Hapo hapo. Huo umeukalisha, ulaze." Nadine aliwaza kwamba kama mtu angekuja sasa hivi kutoka mbali, asingejua nani alikosewa.

Majani yaliisha kabla ya kufika kona ya chini, upande wa jiko. Wakasema kesho.

Mvua haikungoja kesho. Ilikuja alasiri ile ile, kwanza upepo, halafu matone makubwa, halafu bati likaanza kupiga kelele mpaka watu hawasikilizani. Immakulata aliweka mtoto na mama yake chumba cha mbele, katikati ya mizinga, akatoka na jembe. Nadine alichungulia kupitia dirisha dogo. Maji yalikuwa yanashuka. Juu, chini ya misuku, yalikuwa yanaingia kwenye majani na kupotea, yakitoka polepole, ya rangi ya chai nyepesi. Lakini kwenye ile kona iliyobaki wazi yalikuwa mekundu, mazito, yanakimbilia ukutani. Immakulata alikuwa peke yake akichimba mfereji wa kuyapeleka pembeni, kanga imemganda mwilini.

Halafu hakuwa peke yake. Mtu alikuja mbio kutoka njiani na gunia kichwani kama kofia, ana jembe lake, akasimama upande wa pili wa mfereji akaanza kuchimba bila kusema lolote. Nadine alimtambua Esteri kwa namna alivyokuwa anagomba na udongo. Wale wanawake wawili walichimba kuelekeana, tope likiwarukia usoni, mpaka mfereji ukaungana na maji yakageuka kuelekea kwenye migomba.

Mvua ilipokatika, Immakulata aliuzunguka ukuta akiupapasa kwa kiganja. Chini ulikuwa umelowa, na kipande cha lipu kimebanduka. Aliugonga kwa ngumi. Akaweka sikio.

"Umesimama," akasema.

Juma la pili mvua zikawa za kila siku, na kila asubuhi Immakulata alipanda mteremkoni kabla ya chai. Hakuinua majani kuangalia. Alisema ukiyaamsha yanakasirika. Alizunguka tu, anarudi, anasema "Bado." Nadine, ambaye mshono ulikuwa umeanza kupona, alijikuta anaogopa kuliko siku zile za ukuta. Mteremko ungeweza kufunikwa na majani tu mwaka huu. Lakini mama mkwe wake je, angefunikwa na nini?

Ndipo siku moja hakurudi kusema bado. Nadine alimfunga mtoto mgongoni akapanda taratibu, akamkuta amechuchumaa, na Esteri amechuchumaa pembeni yake. Katikati ya majani yaliyooza na maganda ya karanga ya Gharibu, ua la zambarau lilikuwa limechomoza, limelowa, bila shina wala jani, kama limewekwa tu pale na mtu. Mbele kidogo lingine. Kisha nafasi kubwa tupu, kisha mawili pamoja. Hayakuwa mengi kama zamani. Sehemu nyingine huenda zingechukua miaka.

Esteri alilitazama muda mrefu.

"Hili ndilo nililolilima?"

"Ndilo."

"Miaka yote tunakucheka, mbona hukunionyesha?"

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza." Esteri alijikuna shingo. "Mimi kwangu, nyuma ya choo, kuna kivuli. Maji yanapita pale kila masika, yamenichosha."

"Mwakani," alisema Immakulata, akinyanyuka kwa kushika goti. "Mwaka huu tuyaache yajaze hapa kwanza. Sasa nishikie hilo gunia, ile kona bado iko uchi."